Herufi Zisizotoa Siri: Kuchagua Fonti ya Jina la Filamu ya Taharuki



Jina la filamu ya mwanafunzi mara nyingi hutengenezwa usiku wa mwisho, wakati uhariri umeshakwisha na macho yamechoka. Inafunguliwa tovuti ya fonti za bure, linatafutwa kundi la fonti za kutisha, na herufi zinaanza kuchuruzika damu. Napinga mtindo huo. Taharuki hutokana na jambo ambalo mtazamaji bado hajalijua. Herufi za damu humwambia kuna maiti kabla mhusika hajagusa kitasa cha mlango.

Tuchukulie filamu ya kubuni, SAA SABA LUPANGA: vijana wanapotea usiku msituni, kwenye kilele cha Lupanga, katika milima ya Uluguru inayotutazama hapa mjini. Jina hilo lina A sita. Fonti nyingi za bure zilizochakazwa zina mchoro mmoja tu kwa kila herufi, hivyo ufa uleule utatokea mahali palepale mara sita. Hofu inageuka muhuri wa ofisi. Kwa lugha yetu, inayorudia irabu kiasi hiki, tatizo hilo halikwepeki kirahisi. Katika filamu ya Se7en (1995), mbunifu Kyle Cooper na wenzake waliyakwangua majina kwa mkono juu ya ubao mweusi, na ndiyo maana mikwaruzo yake inaaminika. Nasi tuna kalamu nene, karatasi na simu ya kupigia picha. Tuna pia mafundi wa kuchora mabango, ambao mkono wao haurudii A mara mbili kwa namna moja. Mlipeni mmoja wao aandike jina lenu.

Kuna mtego mwingine: fonti zinazouzwa kama za Kiafrika. Neuland, mojawapo ya zinazotumika sana kwa kazi hiyo, ilichongwa na Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923, na toleo lake ndilo lililobeba jina la Jurassic Park mwaka 1993. Haina asili yoyote Afrika. Filamu inayogusa Kolelo, kule Uluguru, ambako Waluguru wamefanya matambiko kwa vizazi, ikivikwa herufi za matangazo ya safari, inawageuza wenyeji kuwa mapambo katika hadithi yao wenyewe.

Mimi ningechukua fonti nyoofu, isiyo na mbwembwe, kisha nishughulike na nafasi na muda. Katika Alien (1979) vijiti vyeupe vinajitokeza kimoja kimoja, taratibu, mpaka jina linasomeka. Kinachotia wasiwasi ni kule kusubiri. Tazameni pia pengo kati ya P na A katika LUPANGA: linaonekana pana kuliko mengine, na programu ya simu huenda isilirekebishe. Lipunguzeni kwa mkono.

Ukungu wa Uluguru ni mzuri kwa kamera na mbaya kwa maandishi meupe. Wekeni jina juu ya giza la msitu, au subirini picha ikatike iwe nyeusi. Kisha litazameni kwenye simu ndogo, mwanga ukiwa umepunguzwa, video ikiwa imeshapitia WhatsApp. Vijiti vyembamba hupotea hapo.

Jaribuni pia alama zote za jina. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, Vuta N'kuvute, ina ritifaa. Baadhi ya fonti za mapambo hazina alama hiyo, na mahali pake huweza kutokea kisanduku kitupu.

Mwisho ni leseni. Fonti iliyoandikwa kuwa ni bure kwa matumizi binafsi huenda isiruhusiwe pale filamu inapouzwa au kuwekewa matangazo YouTube. Zile zenye leseni huria ya SIL, ambazo Google Fonts inazo nyingi, zinaruhusu matumizi ya biashara. Hifadhini faili la leseni pamoja na mradi wa filamu, kabla hamjaipeleka kwenye tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar.