Kijana wa Miaka 17 Naye Anahitaji Nyumba ya Kurudia



Leo sisemi juu ya watoto wadogo. Mtoto wa miaka 4 akipotezana na wazazi njiani, mama fulani atambeba mgongoni, na mwaka ukiisha majirani wamesahau kwamba hakuzaliwa humo. Ninasema juu ya yule wa miaka 16 au 17. Ndevu zinaota, anakula sana. Pengine alipita katika kikundi chenye silaha, na usiku watu wanafunga mlango wakikumbuka hilo.

Tunazo familia za mapokezi, na tunazishukuru. Lakini zilipangwa kuwa za muda. Sheria n° 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni yule asiyetimiza miaka 18. Akiitimiza, mara nyingi msaada unakatika. Sasa nani atakwenda kumposea mke na kusimama upande wake siku ya mahari? Nani atamwonyesha mahali pa kulima?

Msichana mwenye mtoto mgongoni ana hatari nyingine. Wengine wanaosema "nitamchukua" wanatafuta mtumishi bila mshahara, au mke mdogo. Shefu aulize maswali hapo, hata kama anayeomba ni rafiki yake.

Kwa hiyo tusingoje miaka 18. Kijana mwenyewe aulizwe kwanza. Mara nyingi anajua: kuna mjomba Walikale, kuna shangazi aliyeolewa Butembo. Msalaba Mwekundu hutafuta jamaa bila malipo. Lakini kambi za kando ya Goma zilivunjwa Februari 2025 na watu wakatawanyika, basi habari tulizoandika kabla ya hapo zichunguzwe upya.

Ndugu wa damu asipopatikana, familia inayomlea iulizwe wazi: huyu ni wenu hata msaada ukiisha? Wajibu bila aibu. Afadhali wakatae leo kuliko kumfukuza kesho. Wakikubali, wamtambulishe kwa nyumbakumi na majirani, kijana akiwapo na yeye mwenyewe akiwa amekubali. Kama bado hajatimiza miaka 18, waende pia mbele ya hakimu wa watoto, iandikwe. Maneno ya mdomo tu yanasahauliwa siku ya kugawa shamba.

Mtaniambia: sisi wenyewe tulikimbia, tutamlisha nini? Swali hilo ni la haki, na viongozi walipeleke kwa wenye kugawa misaada, ili familia hizi zihesabiwe na kijana ndani yake. Ila kijana huyu anaweza kushika jembe na kuchota maji. Asichoweza kujitafutia peke yake ni watu wa kumwita wao.

Wenye kijana wa namna hiyo nyumbani, mbaki kidogo baada ya kikao. Tutaandika jina lake, kijiji alichotoka, na majina ya wazazi wake kama anayakumbuka.