Alama Chini ya Kutu



Tuitazame baiskeli kuukuu, Raleigh iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza. Rangi imechujuka, kutu imeingia, na mwenyewe yu tayari kuiuza kwa bei ya chuma chakavu. Lakini fundi ajuaye kazi yake hafanyi haraka. Huitafuta beji yenye kichwa cha korongo mbele ya fremu, kisha husoma nambari iliyogongwa. Kama gurudumu la nyuma lina kitovu cha gia 3 cha Sturmey-Archer, hufuta grisi, na mara nyingi hukuta tarakimu za mwaka na mwezi: 58 ni 1958. Wala haipaki rangi mpya upesi, kwa maana rangi ya asili, hata ikichubuka, huweza kuizidishia thamani.

Je, watu tunawapimaje? Yuko mzee asiyeweza tena kushika jembe. Yuko kijana aliyetoka gerezani, anayeketi peke yake nyuma ya kanisa. Tukiwatazama kwa nje tu, tutawahesabu kuwa chakavu. Lakini Mtume Paulo aliwafundisha Waefeso kwamba walioamini wametiwa muhuri wa Roho Mtakatifu. Muhuri huo haufutwi na uzee wala umaskini.

Juma hili tumwendee mmoja wao, tuketi naye, tumwite kwa jina lake.

Tuombe: Ee Bwana, utupe macho ya kuiona alama yako kwa kila mtu uliyemwumba. Amina.