Jino Changa Si Maradhi

 

Ipo desturi katika Uganda ambayo yatupasa kuiacha. Mtoto mchanga akishikwa na homa au akihara, hupelekwa kwa mtu ampasue ufizi kwa kisu au spoku ya baiskeli. Hutolewa kitu cheupe, laini, wakaambiwa wazazi kuwa hilo ni jino la uongo, nalo ndilo maradhi.

Sivyo. Lile ni jino la kweli, ila halijakomaa. Mwenyezi Mungu amejaalia ndani ya ufizi protini laini mfano wa uji mzito, nazo huongoza chembe za madini ya chokaa na fosfati zijipange safu kwa safu, kama kamba ya mwashi iongozavyo matofali. Kazi hiyo huanza mtoto angali tumboni, yapata mwezi wa nne. Gamba la nje la jino likikomaa, protini karibu zote huondoka, yakabaki madini zaidi ya sehemu 90 katika 100, magumu kuliko mfupa.

Chonge changa ikitolewa, hata jino la ukubwani linalojengwa jirani nayo huweza kuharibika. Na mtoto huweza kufa kwa kutokwa damu au pepopunda, hali homa yenyewe haijatibiwa.

Basi mtoto akiugua, mpelekeni upesi hospitali. Ufizi tuuache, meno yakiota, tumfunze mswaki aliouhimiza Mtume wetu (S.A.W.).

Wabillahi taufiq.