Tuisome Katiba Maktabani
Twaitaja Katiba kila siku, lakini ni wachache wetu tulioifungua. Twende maktaba, tuombe Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Kwanza tutazame mwaka wa chapa: nakala ya kabla ya 1984 haina sehemu ya haki za binadamu, kwani iliingizwa mwaka huo. Kisha tusome Ibara ya 19, yenye kutupa uhuru wa dini, na kumpa uhuru uo huo jirani asiye wa dini yetu. Ibara ya 26 yatuwajibisha kuitii Katiba. Adaiye haki yake bila kuujua wajibu wake ameisoma nusu. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu. Amin.