Mtupo Huru na Bega la Mtoto

Leo tutaongea juu ya mpira wa kikapu. Tafadhali usizime redio, kwa maana jambo hili hufika hata kliniki.

Mama mmoja alinijia na bintiye wa miaka 11. Bega la kulia lilikuwa likimuuma tangu mechi za shule zianze. "Sista," akaniambia, "mimi huu mchezo nimemkataza kabisa." Mtoto akaanza kulia. Kumbe alikuwa amekosa mitupo huru miwili, wenzake wakamcheka, na tangu siku hiyo alikuwa akifanya mazoezi peke yake kila jioni hadi giza liingie.

Mtupo huru ni ule anaopewa mchezaji aliyefanyiwa rafu. Mstari wake uko mita 4.6 kutoka kwa ubao, na ukingo wa kikapu uko juu mita 3.05. Hakuna wa kumzuia. Ana sekunde 5, na mpira ukiingia ni pointi 1.

Nilikunja sweta yangu nikampa, nikamwambia anionyeshe anavyorusha. Aliipeleka nyuma ya bega, akapinda mgongo, akaivurumisha kwa mkono wote. Nikamuuliza, mpira wenu ni namba ngapi? Namba 7! Huo ni wa wanaume, una gramu 600 hivi. Mtoto wa umri wake hutumia namba 5, ambao haufiki gramu 500. Wasichana wakubwa na wanawake hutumia namba 6. Mama, namba huandikwa kwenye mpira wenyewe, kwa hivyo nenda utazame. Najua shule nyingine zina mpira mmoja tu. Basi mtoto asogee karibu, hatua mbili au tatu kutoka kikapuni, na arudi nyuma kidogo kidogo kadiri mitupo inavyoingia. Asione aibu.

Sasa jinsi ya kurusha. Mguu wa upande wa mkono anaorushia uwe mbele kidogo. Akunje magoti, kwa maana nguvu hutoka miguuni, si begani. Hapa ndipo watoto wengi hukosea. Kiwiko kiwe chini ya mpira, kisitokeze nje kama bawa la kuku. Mkono wa pili ushikilie ubavuni tu, usisukume. Magoti yakinyooka, mkono nao unyooke kwenda juu, na mwishoni kiganja kiinamie kikapu. Mpira upande juu kisha ushuke. Usiende moja kwa moja kama jiwe la manati.

Tena awe na utaratibu mmoja asioubadilisha: adundishe mara tatu, ashushe pumzi, atazame kikapu, arushe. Hata akikosa, wa pili aurushe vivyo hivyo. Wewe simama chini ya kikapu umrudishie mpira na kuhesabu. Usimfokee, moyo ukipiga mbio, mkono hutetemeka.

Mitupo 20 au 30 akiwa na nguvu yatosha. Akichoka, magoti huacha kufanya kazi na bega hubeba mzigo wote. Na asiende mazoezini saa kumi akiwa hajala tangu uji wa asubuhi. Hata ndizi na maji vitamsaidia.

Maumivu yakianza, aache kurusha. Mifupa ya mtoto bado inakua, na sehemu zinazokua huumia upesi. Usimpe tembe za maumivu ili aweze kucheza, wala usimkande kwa nguvu. Mlete kliniki bega au kiwiko likivimba, likimwamsha usiku, akishindwa kuinua mkono, au maumivu yakiendelea baada ya kupumzika wiki moja au mbili.

Yule binti tulimpumzisha. Mamake alitaka nimwandikie barua ya kuacha mchezo kabisa. Niliandika, lakini niliandikia mwalimu, kuomba mpira mdogo.