KIJIJI KILICHOKATAA KUUZA NYUMBA ZAKE



Katika milima ya Japani, mkoani Gifu, kipo kijiji cha Ogimachi, bondeni Shirakawa-go. Wageni hukiendea kutazama nyumba zake kubwa za nyasi, ambazo mapaa yake yameinuka mfano wa viganja viwili vilivyokutanishwa kwa dua, ili theluji nzito ipate kuporomoka. Chini ya mapaa hayo wazee wa kale walifuga viwavi wa hariri.

Paa moja huezekwa upya kila baada ya miaka 30 hadi 40, nayo si kazi ya jamaa mmoja. Kwa desturi iitwayo yui, majirani hukusanyika hata kupita mia. Aliyeezekewa leo, kesho huwaezekea wenziwe. Na hesabu ya aliyetoa nyasi, kamba au nguvu zake iliandikwa daftarini.

Baada ya vita kuu, mabwawa ya umeme na watu kuhamia mijini vilimaliza nyumba nyingi za bonde hilo. Ndipo mwaka 1971 wanakijiji wakaunda chama chao, wakapatana mambo matatu: kutouza, kutopangisha, kutobomoa. Mwaka 1995 UNESCO ilikitia kijiji katika urithi wa dunia. Na mwaka 2019 wageni walizidi milioni moja.

Ndugu, mgeni huona paa. Kilicholiweka paa hapo ni mapatano ya wanachama yaliyotangulia faida, na daftari lililotunzwa kwa uaminifu.