Herufi Iliyo Kwenye Leseni ya Dereva

Leo nasema na madereva wa Tanzania Bara, na zaidi na matajiri wanaowakabidhi magari.

Leseni ya daraja D ni ya gari binafsi. Haikuruhusu kubeba abiria kwa malipo, wala kuendesha lori la biashara. Basi la abiria 30 au zaidi linataka daraja C; teksi inataka C3, na kati ya C na C3 yapo madaraja C1 na C2 kwa magari ya abiria ya ukubwa wa kati. Daraja C haliombwi na mgeni wa usukani: kwanza miaka isiyopungua 3 ukiwa na C1 au E, daraja la magari makubwa ya mizigo. Wapo wanaolalamika kuwa ni mingi. Mimi naona ni haki, kwani basi lililojaa watu, likishuka mteremko wa Kitonga, linahitaji mikono iliyozoea uzito.

Tena, Sheria ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ya mwaka 2019 inataka madereva wa vyombo vya usafiri vya kibiashara wathibitishwe na mamlaka hiyo, na hupimwa kwa mtihani.

Tajiri, kabla hujatoa ufunguo, tazama daraja, tarehe ya mwisho wa leseni, na cheti cha LATRA.